Kitanda Kiliondoka Jumamosi

Makochi yaliletwa Jumamosi baada ya adhuhuri, kwa kirikuu, kigari cha mizigo kilichofungwa kamba kila upande, na wapagazi wawili wakayashusha getini huku wakigombana kuhusu nani kasahau miguu ya makochi dukani. Batuli alisimama kibarazani, khanga kaifunga kiunoni, anaelekeza: taratibu hapo, msinikwaruzie mlango, viatu vueni. Yalikuwa makochi ya kona, rangi ya maziwa, ya aina ambayo mwenye watoto wadogo hathubutu kuyanunua. Batuli hakuwa na watoto wadogo tena. Alikuwa na miaka arobaini na saba, binti mmoja, Salma, aliyekwishamaliza chuo na kupata kazi Dar es Salaam, mume mwenye karakana ya mageti kule Kizota, na kazi ya uafisa utumishi katika wizara mojawapo kule Mtumba. Nyumba yao ilikuwa Nzuguni. Ilikuwa imepigwa plasta upande wa barabarani tu, huko nyuma tofali zikisubiri.

"Mama Salma," Hamza, mumewe, aliuliza kutoka mlangoni, "haya nayo ni ya makato?"

"Ya makato ya mshahara. Kidogo kidogo, wala hatutayahisi."

"Haya." Hamza hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo alikuwa na njaa.

Wapagazi walipoondoka Batuli akaketi, akajinyoosha, akasikia harufu ya moshi wa kuni. Kwa jirani hakukuwa na moto. Harufu ilitoka kwenye kochi lenyewe, na katikati ya kochi lile refu palikuwa na kibonde, cha kiasi cha mtu mwembamba anayelala ubavu. Alikipigapiga kwa kiganja. Kikajaa, kikabonyea tena. Alipiga simu dukani, wakamwambia sponji ni mpya, ikishakaliwa itakaa sawa.

Jioni alimpigia mama yake, Bi Mwanaidi, aliyekuwa akiishi kijijini kwao, milimani juu ya Kondoa. Kila Batuli akinunua kitu lazima ampigie; jambo jema lisipofika kwa mama halijawa jema bado, ndivyo alivyolelewa.

"Hongera, mwanangu," alisema Bi Mwanaidi. "Keti upumzike. Umefanya kazi sana."

Alisema hivyohivyo wakati wa televisheni, wakati wa gari, wakati wa dari ya jasi. Batuli alilala amefurahi.

Sikukuu ya Idd walikwenda kumwona, yeye na Hamza, kwa kigari chao cha rangi ya fedha ambacho nacho kilikuwa cha mkopo. Makutupora walisimama kununua zabibu. Batuli akatoa noti pochini, akapewa chenji, akala punje mbili tatu bila kuziosha. Chemba walijaza upepo tairi moja. Baada ya Kondoa barabara ikaanza kupanda, na makorongo yakatokea kulia na kushoto, yale makorongo mekundu ya kwao ambayo kila msimu wa mvua yanakula kipande cha shamba la mtu na hakuna anayeyadai.

Nyumba ya Bi Mwanaidi ilikuwa ya vyumba vinne, tofali za udongo, na mlango wa mninga ambao marehemu baba yake Batuli aliuchonga mwenyewe. Kwenye ubao wa kati palikuwa na kovu refu, mahali mzee alipozoea kunolea kisu chake kila jioni mpaka mkewe akachoka kumsema. Batuli alipita akalishika lile kovu, kama anavyofanya siku zote, akaingia. Chumbani kwa mama yake palikuwa na mkeka chini, na shuka limekunjwa vizuri juu yake.

"Mama, kitanda kiko wapi?"

"Kiliondoka," alisema Bi Mwanaidi. "Ile Jumamosi uliyopata makochi. Nilikuwa nachambua mlenda hapo nje, nikakiona kinatoka."

"Kilipitaje mlangoni? Si kilikuwa kipana?"

"Kilijiinamisha kidogo, kikapita."

Batuli akakaa juu ya mkeka. Hakupiga ukunga wala hakusema haiwezekani, maana harufu ile ya moshi alikuwa nayo puani wiki zote hizo, na moyoni alikwishaijua ni ya nani. Kilichomuuma ni kile kibonde. Alikuwa amelalia mgongo wa mama yake akiangalia tamthilia.

Habibu, mdogo wake, aliyejenga uwanja wa pili, akaja na kuku wa sikukuu mkononi. "Shikamoo dada. Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Habibu, kitanda cha mama kimeondoka na wewe uko hapahapa?"

"Tulikishika, dada. Mimi na jirani, mzee Bartolomayo. Kilituburuta mpaka ukingoni mwa korongo, tukaona bora tukiachie, mzee wa watu asije akavunjika."

"Kilielekea wapi?"

"Upande wa Chemba. Vya mama vyote vinaelekea upande wa Chemba." Akamgeuza kuku, akamshika vizuri miguu. "Vya Bartolomayo vinakwenda upande wa Babati. Mtoto wake yuko Arusha."

Ndipo Batuli alipotazama nyumba ile kwa macho mengine. Kinu hakipo. Kihenge hakipo. Juu ya jiko bati zimepungua, mbingu inaonekana, buluu tupu, haina hata wingu la kusingizia. Zizini palikuwa na kamba imefungwa kwenye mti, na mwisho wa kamba hapana kitu. Ng'ombe aliondoka wiki lilipokuja gari. Bati ziliondoka ilipopigwa ile dari ya jasi. Mtungi wa maji uliondoka kwa ajili ya televisheni. Ulifika Chemba mzima bado, watu wa mnadani waliuona unabingirika kandokando ya barabara wakaupisha. Haya yote Bi Mwanaidi aliyaeleza akiwa anakuna nazi ya wageni, bila kupandisha sauti. Alipofika kwenye jiko la gesi alitikisa kichwa. Lile halikuchukua kitu. Batuli akakumbuka: jiko alilinunua kwa hela ya likizo, mkononi, akaondoka nalo.

"Sasa mama, kwa nini hukuniambia? Miaka yote hii unanipa hongera tu!"

"Ulikuwa umefurahi."

"Jamani, mama!"

"Ningekwambia ungefanyaje? Ungewarudishia televisheni?"

Batuli alijua asingeirudisha, na aliona haya kwamba mama yake naye alilijua hilo. Aliuliza kwa sauti ndogo: "Nikimaliza kulipa, vinarudi?"

"Mtungi umerudi. Mwezi ule uliposema deni la televisheni limekwisha, niliamka nikaukuta jikoni. Una ufa, haushiki maji. Lakini umerudi."

Walikula kuku, wakala na zabibu. Wakati wa kuondoka Batuli alisimama uani akaitazama nyumba. Ndani mlikuwa mmebaki mafiga, sufuria, mtungi wenye ufa, mkeka na sanduku la bati la nguo. Kitu kikubwa kilichobaki kuondoka ni nyumba yenyewe, na alipolifikiria hilo akamwambia Hamza awashe gari upesi.

Kuanzia hapo Batuli alibadilika, na aliyebadilika kweli humjui kwa maneno, unamjua sokoni. Akawa habebi kitu asicho na hela yake. Akifika mbele ya dirisha la duka, pazia zinang'aa, vyombo vimepangwa, anasimama na kujiuliza ni kipi kwa mama kitakachoinua miguu. Mafiga? Sanduku? Basi anapita zake. Kazini alibeba wali na maharage kwenye hotipoti, akala chini ya mti wa kivuli na madereva, akagundua madereva wana stori kuliko maafisa. Wenzake walimtania kwamba anajenga ghorofa kwa siri. Alicheka nao. Ukweli ni kwamba maisha yale yalimkaa vizuri, kwa namna ambayo hakuitarajia. Mshahara, hicho kipande kilichosalia baada ya makato, ulianza kufika mwisho wa mwezi. Hamza alimtengenezea meza ya kulia chakula, miguu ya chuma, juu mbao, kwa vyuma vilivyobaki karakanani na mbao walizolipia taslimu, na viti vyake sita. Meza ile haikunuka moshi. Batuli alikuwa akiifuta hata isipokuwa na vumbi.

Gari waliliuza wakamalizia deni lake. Akaanza kupanda basi la wafanyakazi asubuhi na mkoba wake mapajani. Wiki hiyohiyo Habibu akapiga simu.

"Dada, ng'ombe karudi."

"Alhamdulillah! Mzima?"

"Mzima. Hana pembe moja." Habibu akakohoa. "Tena dada, ametusahau. Hanywi mpaka umsukume. Kutwa anasimama uani, kageukia upande wa Chemba."

"Atazoea," alisema Batuli.

"Inshallah."

Makochi yalikuwa bado. Alipiga hesabu kichwani akaona kwamba akijibana vilevile, kitanda kitarudi kabla ya mvua za mwaka unaofuata. Bati nazo zingefuata. Alianza hata kuota nyumba ya mama yake imejaa, kila kitu na ufa wake lakini kipo.

Kisha ikaja posa ya Salma.

Mchumba alikuwa kijana mzuri, wa Dar es Salaam, watu wake wana adabu, na wazee walipoketi mambo yakaenda vizuri. Ndoa itafungwa Dar, upande wa mume. Upande wa mke, Dodoma, ifanyike sendi-ofu ya kumuaga mtoto. Batuli na Hamza walikubaliana: uani kwao, turubai, pilau, ngoma kidogo, watu wa karibu. Batuli alimweleza hivyo Debora, mfanyakazi mwenzake, mwanamke wa Mbeya mwenye mwili na sauti, ambaye hapakuwa na kamati ya sherehe pale wizarani asiyoiongoza.

"Uani?" Debora akaweka kikombe chini. "Dada Batuli, uani? Wewe si ndiye ulinichangia mimi mwanangu anaondoka? Si uliwachangia wote humu, sare ulishona zote, hukukosa hata moja? Leo zamu yako unataka kutufichia pilau?"

"Sijifichi, Debora. Nataka kiasi chetu."

"Kiasi chenu ndicho hicho tutakachokipanga. Wewe kaa, wewe ni mama wa binti. Kamati ipo kazini."

Na kweli kamati ikawa kazini. Kundi likafunguliwa kwenye simu, jina la Salma na picha ya maua. Ahadi zikaanza kumiminika. Watu wanaahidi, wanapongezana kwa kuahidi. Ukumbi ukapatikana, ule mpya wenye taa zinazobadilika rangi. Kitambaa cha sare kikachaguliwa, zambarau. Mpishi, mpambaji, mshereheshaji, keki ya matabaka, ndafu wawili, mbuzi wa kubanikwa wazima, kwa sababu mmoja ataonekana mpweke. Kila jambo lilipoongezeka Batuli alisema jamani taratibu, na kila aliposema hivyo Debora alimjibu kwamba ahadi zimeshavuka bajeti. Zilikuwa zimevuka, ndiyo. Ila ahadi haijapata kulipia ukumbi. Wiki ya sherehe ilipofika walioahidi wengi wakawa wako safarini, wengine wamefiwa, wengine wanaona ujumbe na hawajibu, na mwenye ukumbi anataka chake.

"Tuvunje," alisema Hamza. "Nitachomelea vyuma vya hema mwenyewe, kesho vimekwisha. Turudi uani."

Salma alikuwa kwenye simu, kaweka sauti wazi. "Baba, watu wameshakata tiketi za treni. Mama mkwe kashona. Niwaambie nini?" Kisha akalia. Hakuwa mtoto wa kudeka, na kilio chake kilikuwa kidogo, cha kujizuia, ndicho kilichomchoma Batuli.

Batuli alitoka uani akampigia mama yake. Alimweleza yote. Upande wa pili kulikuwa na upepo, na mlio wa ng'ombe.

"Hapo kwako pamebaki nini, mama?"

"Nyumba ipo."

"Hiyo ndiyo ninayoiogopa. Mama, ninaogopa kweli."

"Salma ni mjukuu wangu wa kwanza," alisema Bi Mwanaidi. "Usimwaibishe mtoto mbele ya wakwe."

"Sema tu nisichukue, mama. Nikatalie, nitasikia."

"Mimi nilikukatalia lini?"

Siku hizi mkopo hauhitaji hata kuvaa viatu. Batuli aliketi kwenye kochi, ndani ya kile kibonde, akabonyeza simu, akaweka namba ya siri, na kabla chai haijapoa ukawa umekubaliwa. Makato yake yalikuwa yamfuate mpaka karibu na kustaafu. Aliliambia kundi kwamba mambo ni sawa, na kundi likajaa vigelegele.

Bi Mwanaidi alifika Dodoma mchana wa siku ya sherehe, yeye na Habibu, kwa basi la Kondoa. Alikuja na gunia la karanga kwa ajili ya wakwe, na sanduku lake la bati.

"Umekuja na sanduku, mama? Si unarudi kesho?"

"Nimekuja nalo," alisema Bi Mwanaidi, akaomba maji ya kunywa.

Alivishwa zambarau, akapendeza. Alasiri walikwenda ukumbini. Mlango wa ukumbi ule ulikuwa wa kioo, Batuli aliuona kwa macho yake siku ya kulipia, lakini sasa palikuwa na mlango wa mbao za mninga, umepigwa msasa na kupakwa vanishi, na ua kubwa la plastiki limetundikwa katikati. Bi Mwanaidi alisimama mbele yake. Akasogeza ua pembeni. Kovu lilikuwepo. Alipitisha kidole chake kutoka juu mpaka chini, watu wakimsubiri nyuma na zawadi zao.

"Wameufunga vizuri," alisema. "Nyumbani ulikuwa unagoma wakati wa mvua."

Batuli alimshika mkono. Alitaka kusema nisamehe, lakini mshereheshaji alikuwa ameshatangaza kwamba bibi wa bibi harusi mtarajiwa anaingia, na muziki ukapigwa, na Bi Mwanaidi akaingia kwa kucheza.

Sherehe ilifana, hilo hakuna aliyelikana mpaka leo. Wakwe walipokewa kwa heshima. Salma aliingia akang'aa, akalia mahali pa kulia, akacheka mahali pa kucheka. Ni kwamba tu kutoka juu, katikati ya zile taa na vitambaa, vumbi jekundu lilikuwa likidondoka kidogo kidogo, pamoja na vipande vya nyasi kavu, likatua kwenye keki na kwenye mabega ya wageni. Wahudumu walifunika sahani. Nguzo za mapambo zilikuwa na alama za mchwa chini ya rangi ya dhahabu.

"Vumbi la Dodoma hili, mlizoee!" Debora aliwatania wageni wa Dar, akijipangusa.

"Si la Dodoma," alisema Habibu, aliyekuwa amekaa naye meza moja. "Hili la kwetu." Akajiongezea pilau.

Batuli hakula. Alikaa meza ya mbele na tabasamu la picha, kila chembe ikimwangukia mkononi anaifunika kwa kiganja, mpaka akawa na rundo dogo la udongo chini ya leso yake. Alilifunga kwenye leso akaliweka pochini. Hakujua alilitakia nini.

Kesho yake alimrudisha mama yake, pamoja na Habibu. Hamza alibaki kuwasindikiza wakwe stesheni. Ndani ya basi Bi Mwanaidi aliangalia nje njia nzima. Walipopita Chemba akauliza kama zabibu zimekwisha msimu, Batuli akamjibu bado.

Walipofika, pale penye nyumba palikuwa na uwanja. Umefagiliwa, msafi, alama za vyumba vinne zinaonekana kwa rangi tu ya udongo, na mafiga yako palepale yalipokuwa jiko. Ng'ombe wa pembe moja alikuwa amesimama mahali palipokuwa mlango. Kageukia walikotoka wao.

Mzee Bartolomayo akaja kutoka kwake, amevaa koti, kofia kaishika mkononi. "Poleni. Iliondoka juzi jioni, ulipokuwa kwa Habibu unajiandaa na safari, na jana alasiri ukamalizia ukuta wa nyuma. Ilijikunja vizuri, haikumgusa mtu. Mbwa nilimfunga."

"Ahsante kwa kumfunga mbwa," alisema Bi Mwanaidi.

"Kwa hiyo mama ulijua," alisema Batuli. "Umekuja kucheza na ulijua."

"Nilijua. Sikutaka kuiona ikimalizika."

Hapo Batuli akakaa chini, katikati ya chumba alichozaliwa, na zambarau yake ya jana ambayo hakuwa na muda wa kuibadilisha, akalia kwa sauti kama anavyolia aliyefiwa. Alilia kwa sababu alikuwa amejua, kila hatua alijua, na bado alibonyeza. Bi Mwanaidi alimwacha. Alikwenda akamshika ng'ombe, akajaribu kumgeuza, ng'ombe akakataa. Akamwachia Habibu amtunze.

Wakarudi wote wawili Nzuguni, na sanduku. Batuli alimwandalia mama yake chumba cha Salma, lakini Bi Mwanaidi alilala humo siku moja tu. Kuanzia ya pili akawa analala sebuleni, kwenye kochi refu, ndani ya kibonde chake. Alikienea bila kugusa ukingo. Alisema hajawahi kulala vizuri hivyo tangu Jumamosi ile.

Hakulalamika, na hilo lilikuwa gumu kulizoea. Alipalilia mchicha nyuma ya nyumba kwenye maji ya kuoshea vyombo, akajuana na majirani, akachambua mlenda. Wakati mwingine saa za magharibi Batuli alimkuta kasimama getini, kaangalia upande wa Kondoa, na alipomwita alichelewa kidogo kugeuka. Mkopo ulikuwa utaisha, nyumba ingerudi, na nyufa zake. Bi Mwanaidi hakuuliza mwaka gani.

Batuli alijiwekea nadhiri. Alimwambia Hamza, akamwambia na mama yake: kwa Salma hatanyamaza. Siku mtoto atakaposema tu nimechukua hiki cha kulipa taratibu, atamweleza yote, kitanda, ng'ombe, nyumba, hata akasirike. "Mimi sitampa hongera ya kumuua mtu," alisema.

"Vizuri," alisema Bi Mwanaidi.

Mvua zikanyesha kidogo, zikakata. Siku moja ya wiki Batuli alishuka kwenye basi la wafanyakazi jua likiwa bado lipo, akaingia njia ya kwao akiwa na nyanya na kipande cha nyama, vyote vya keshi. Kutoka mbali aliona geti liko wazi, mabawa yote mawili. Bi Mwanaidi alikuwa amesimama pembeni, kalishikilia bawa moja lisirudi na upepo.

Katikati ya geti ilikuwa inapita meza. Ile ya Hamza, ya vyuma vya karakanani na mbao za taslimu, meza pekee ndani ya nyumba ile ambayo hapakuwa na mtu wala benki yenye neno juu yake. Ilitoka taratibu, mguu baada ya mguu, kitambaa cha mezani bado kiko juu. Ilipofika barabarani ikasita, ikageuka upande wa Morogoro, ikaanza kwenda.

"Nimeifungulia," alisema Bi Mwanaidi. "Ilikuwa itakwaruza geti la watu."

Batuli alisimama na nyanya zake. Jirani aliyekuwa anamwagilia maua alisogeza mpira wa maji ili meza isiukanyage. Kisha simu ikaita.

"Mama! Shikamoo. Uko wapi? Kaa chini kwanza!"

"Marahaba. Nimekaa," alisema Batuli, akiwa amesimama.

"Tumepata friji! Ile ya milango miwili, inatoa na barafu yenyewe! Mama, ungeiona, jiko lote limebadilika. Nimewaambia watu wa hapa, mama yangu wa kwanza kumpigia."

"Mmelipa?"

"Mama naye! Nani siku hizi analipa yote? Kidogo kidogo, wala hatutahisi." Salma alicheka, na nyuma yake mumewe alicheka pia, na kulikuwa na mlio wa nailoni inayochanwa, mlio wa kitu kipya. "Mama? Upo? Hujafurahi?"

Batuli alikuwa na maneno yote, ameyapanga miezi, yalikuwa mdomoni. Bi Mwanaidi alikuwa akimtazama bila kumsaidia. Meza ilikuwa imefika kwenye kona, kitambaa chake kinapepea. Simuni kulikuwa na pumzi ya mtoto anayesubiri.

"Hongera, mwanangu," alisema Batuli. "Keti upumzike. Umefanya kazi sana."

Aliweka simu pochini, pale palipokuwa na leso yenye udongo. Akashika bawa la geti alirudishe.

"Usifunge," alisema Bi Mwanaidi. "Viti bado."